Sura ya Tano: Giza la Makusudi

Ukitoka nje alfajiri mjini Moshi, kabla mawingu hayajauvaa mlima, vilele viwili vinakukabili. Kibo, mita 5,895, kimetulia kama bakuli lililofunikwa. Mashariki yake yuko Mawenzi, mita 5,149, amechongoka meno kama msumeno mkuukuu. Wachaga wana hadithi ya meno hayo. Mawenzi, wanasema, alikuwa mvivu wa kutunza moto, kila mara akienda kwa Kibo kuomba kaa. Siku moja Kibo akachoka, akanyakua mchi, akamtwanga nao. Makovu hayajafutika mpaka leo.

Wanajiolojia nao wana simulizi yao: Mawenzi ni volkano iliyozimika zamani kuliko Kibo, ikaliwa na mvua na barafu hadi yakabaki mawe magumu yaliyokuwa yamejipenyeza kwenye nyufa zake. Simulizi hiyo hawakuipata kwa kutazama kilele tu. Mwaka 1953 na tena 1957, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield cha Uingereza na wenzao wa Idara ya Jiolojia ya Tanganyika waliuzunguka mlima wakikusanya mawe. Jiwe la namna hiyo hukatwa, likasuguliwa mpaka likabaki na unene wa milimita 0.03. Hapo hata jiwe jeusi hupitisha mwanga. Kisha huwekwa chini ya hadubini, katikati ya vichujio viwili vya mwanga, na lile jiwe lililoonekana kama mkaa huwaka njano, buluu na zambarau, kila fuwele na rangi yake. Kitabu chao kuhusu jiolojia ya Kilimanjaro kilitoka mwaka 1972.

Mbinu yenyewe ilizaliwa Sheffield hukohuko, miaka mia moja kabla yao, mikononi mwa Henry Clifton Sorby. Wenzake walimcheka. Walimwambia mlima hautazamwi kwa hadubini.

Chini ya kilele cha Mawenzi, katikati ya mji, ipo hospitali inayobeba jina lake: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi. Ukipanda kidogo kaskazini unafika KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo leo inahudumia wagonjwa wa kanda nzima na kufundisha madaktari. Mbinu iliyosoma mawe ya mlima inasoma pia nyama ya binadamu, na siri yake ni ileile. Mwanga unaopitishwa kwenye vichujio vile viwili unafuatilia jambo moja tu: mpangilio. Na ugonjwa, mara nyingi, hujisaliti kwa njia mbili. Ama unaleta mpangilio pale ambapo haukutakiwa kuwepo, ama unauvunja pale ambapo ulitakiwa kukaa.

Kamba kwenye uzio

Shika kamba ndefu, mwenzako ashike ncha ya pili, kisha uitikise. Unaweza kuitikisa juu na chini, au kushoto na kulia, au upande wowote ule. Mwanga wa jua na wa taa ya kawaida hutikisika hivyo, pande zote kwa pamoja, bila utaratibu. Sasa pitisha kamba hiyo katikati ya fito mbili za uzio zilizosimama wima. Ukiitikisa juu na chini, wimbi linapita. Ukiitikisa kushoto na kulia, fito zinalizima palepale. Kichujio kinaufanyia mwanga kazi ya uzio huo: kinaruhusu mtikisiko wa upande mmoja na kuzuia mwingine. Mwanga uliopita hapo ndio wataalamu huuita mwanga wa polaraizi.

Weka uzio wa pili mbele, fito zake zikiwa zimelala. Wimbi lililopita kwenye uzio wa kwanza halina tena njia. Vichujio viwili vikikingamana hivyo, ukichungulia kwenye hadubini unaona giza tupu. Fundi wa maabara anayetaka kutumia mbinu hii huanza kwa kulitengeneza giza hilo makusudi.

Baada ya hapo anaingiza sampuli katikati. Kitu kisicho na mpangilio, kama maji, kioo cha kawaida au uji wa ndani ya seli, hakibadilishi neno, na giza linabaki. Lakini kitu ambacho chembe zake zimepangana kwa mstari kina upande wa kwenda nao na upande wa kwenda kinyume, kama jani la mgomba. Upepo ukilipiga, jani la mgomba huchanika kufuata mishipa yake, si ovyo. Mwanga ukiingia kwenye fuwele au kwenye nyuzi zilizopangana hivyo, hugawanyika mara mbili. Sehemu moja inatembea haraka kuliko nyingine, na zikikutana tena upande wa pili mtikisiko umegeuka. Sehemu yake sasa inaweza kupenya uzio wa pili. Kwa hiyo ndani ya giza kinawaka kitu kimoja tu, kile chenye mpangilio.

Sindano za njano

Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi, migombani hakulali. Mbuzi wanachinjwa, supu inachemka, mbege ya ndizi na kimea cha ulezi inazunguka kwenye kata. Tuseme Januari imeingia na mzee mmoja kutoka Kibosho analetwa hospitali huku ameshikwa mkono na kijana wake, kiatu cha kulia amekiacha nyumbani.

“Shikamoo babu. Tatizo nini?”

“Marahaba, mjukuu wangu. Hiki kidole gumba. Usiku sikulala. Hata shuka sitaki liniguse.”

Kidole kimevimba, kimewiva, kina moto. Kila mtu pale foleni ameshampa jina: gauti, au jongo kama walivyouita wahenga. Huenda wamepatia. Lakini jointi iliyoingiwa na bakteria nayo huvimba, huiva na huwa na moto, na hiyo isipotibiwa kwa antibayotiki inaweza kuharibika ndani ya siku chache. Kipimo cha damu cha asidi ya yuriki hakikati shauri, kwa sababu wapo wenye asidi nyingi wasiougua kamwe, na wapo ambao siku ya maumivu makali kipimo chao husoma kawaida.

Shauri hukatwa na tone moja. Daktari anachoma sindano kwenye jointi, anavuta maji kidogo, anadondosha tone kwenye slaidi na kulifunika kwa kioo chembamba. Vichujio vinakingamanishwa, uwanja unakuwa mweusi. Kama ni gauti, ndani ya weusi ule zinang’aa sindano nyembamba zenye ncha kali pande zote mbili, nyingine zimechoma seli nyeupe kama mshikaki. Ni fuwele za yureti. Damu ikizidiwa na asidi ya yuriki, asidi hiyo hujitenga ikaganda kuwa fuwele, hasa sehemu za baridi za mwili kama vidole vya miguu. Seli nyeupe huzivamia zikidhani ni adui, na vita hiyo ndiyo moto anaousikia babu.

Kuna hatua moja zaidi. Mtaalamu anaingiza kipande cha ziada kinachogeuza uwanja mweusi kuwa wa zambarau-nyekundu, kikiwa na mshale unaoonyesha mhimili wake. Sindano ya yureti iliyolala sambamba na mhimili huo huonekana njano. Iliyoukata kwa pembe mraba huonekana buluu. Ipo aina nyingine ya fuwele, ya kalsiamu, ambayo huleta maumivu yanayofanana sana na gauti, hasa magotini kwa wazee. Hiyo ni fupi, mara nyingi kama kijipande cha mraba kilichoinama, inang’aa kwa unyonge, na rangi zake ni kinyume: buluu ikiwa sambamba, njano ikiwa imekingama. Daniel McCarty na Joseph Hollander wa Philadelphia, Marekani, ndio walioiweka mbinu hii kwenye meza ya madaktari wa jointi mwaka 1961.

Kasoro yake hutokea kabla hadubini haijawashwa. Uvimbe wa gauti ukikatwa na kutumbukizwa kwenye formalini ya kuhifadhia, kama inavyofanyiwa karibu kila nyama inayopelekwa maabara, fuwele za yureti huyeyuka. Mtaalamu hupokea nyumba ambayo mwizi ameshatoka, akaona tu matundu alimokuwa amelala. Sampuli ya namna hiyo inatakiwa ihifadhiwe kwenye alkoholi. Tena hata sindano zikionekana, daktari makini bado anaotesha maji yale kutafuta bakteria, maana gauti na usaha vinaweza kukaa jointi moja.

Dawa iliyozaa kichujio

Mwaka 1852, mjini Bristol, Uingereza, daktari William Bird Herapath aliletewa jambo la ajabu na mwanafunzi wake. Mbwa alikuwa amelishwa kwinini, na mkojo wake ulipotiwa iodini ukatoa fuwele ndogo za kijani zinazometa. Herapath alizitia chini ya hadubini akaona kwamba pale mbili zilipopandiana kwa kukingamana, palikuwa peusi, na zilipolala sambamba mwanga ulipita. Kila fuwele ilikuwa uzio kamili wa fito.

Fuwele zile zilikuwa dhaifu na ndogo mno kutumika. Miongo ikapita hadi kijana wa Kimarekani, Edwin Land, aliyeacha masomo Harvard, alipopata wazo mwishoni mwa miaka ya 1920: badala ya kuhangaika kukuza fuwele moja kubwa, alizisaga mamilioni ya fuwele ndogo, akazipanga zote upande mmoja ndani ya utando wa plastiki. Baadaye akaachana na fuwele kabisa, akavuta plastiki mpaka molekuli zake zikanyooka, kisha akailowesha iodini. Utando wa ukoo huo ndio uliomo leo kwenye miwani ya jua ya wapanda mlima wanaojikinga na mng’ao wa barafu ya Kibo, na kwenye skrini ya kikokotoo cha muuza duka.

Kwinini si mgeni kwetu. Kule Amani, kwenye milima ya Usambara, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902 wakapanda mikwinini, na Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowafungia bahari walitengeneza dawa humo kwa ajili ya askari wao. Dawa ya malaria, basi, ndiyo iliyoupa ulimwengu kichujio cha mwanga. Na kichujio hicho kinaionyesha malaria yenyewe.

Kimelea cha malaria huishi ndani ya chembe nyekundu ya damu na chakula chake ni hemoglobini. Ila katika mlo huo kuna kitu kinachobaki, hemu yenye chuma, ambacho ni sumu kwake. Kwa kuwa hana pa kukitupa, hukigandisha kuwa fuwele ndogo za kahawia ziitwazo hemozoini, ambazo hazimdhuru. Dawa ya klorokwini iliua vimelea kwa kuziba njia hiyo ya kugandisha, kimelea akafa kwa uchafu wake mwenyewe. Ni rangi ya fuwele hizo iliyomshtua Alphonse Laveran, daktari Mfaransa aliyekuwa Algeria mwaka 1880, hadi akamgundua kimelea mwenyewe. Kwenye mwanga wa kawaida ni vumbi la kahawia ambalo jicho huweza kulipita. Vichujio vikikingamana, vumbi hilo linawaka kama cheche.

Hii haina maana kwamba kipimo cha haraka au slaidi ya damu nene sasa ni kazi bure. Kimelea mchanga anayezunguka kwenye damu ya kidole bado hajala vya kutosha kuacha fuwele za kuonekana vizuri. Aliyekomaa, hasa wa aina ya falsiparamu, hujificha kwenye mishipa midogo ya viungo vya ndani. Manufaa makubwa ya mwanga wa polaraizi ni kwenye nyama: kondo la nyuma la mama aliyejifungua, bandama, au ubongo wa aliyefariki. Kondo linaweza kueleza kwamba mama aliugua malaria wakati wa ujauzito hata kama vimelea wameshaondoka, kwa kuwa fuwele hubaki.

Hapa napo mtego upo. Formalini isiyosawazishwa asidi yake, ikikaa na nyama yenye damu nyingi, huunda chembe za kahawia ambazo nazo hung’aa kwenye giza lilelile. Mwanga hauwezi kutofautisha, maana zote mbili ni fuwele zenye mpangilio. Anayetofautisha ni mtu, kwa kutazama mahali: za malaria zimo ndani ya vimelea au ndani ya seli zilizowameza, za formalini zimetapakaa ovyo juu ya kila kitu.

Rangi yenye jina la Kongo

Mpangilio mwingine usioalikwa ni amiloidi: protini zilizokosea kujikunja, zikapangana kuwa nyuzi ngumu na kujaza figo, moyo au ini. Kwenye rangi za kawaida za maabara huonekana kama tope la waridi. Zikipakwa rangi iitwayo nyekundu ya Kongo na kuwekwa kati ya vichujio, hugeuka kijani cha tufaha. Divry na Florkin, wa Ubelgiji, waliripoti jambo hilo mwaka 1927, na hadi leo ndicho kipimo kinachoaminiwa.

Jina la rangi hiyo lina harufu ya historia yetu. Iliingia sokoni Ujerumani mwaka 1885, siku ambazo magazeti ya Berlin yalijaa habari za mkutano wa kugawana Afrika, na wauzaji wakalidaka neno Kongo kwa kuwa lilikuwa kwenye kila mdomo. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari. Kesho yake Kaiser alitia saini hati ya ulinzi iliyompa Carl Peters na kampuni yake mamlaka juu ya ardhi alizodai huku Afrika Mashariki. Jina la Kongo limebaki kwenye kichupa cha rangi kabatini.

Mkeka uliofumuka

Hadi hapa tumeona mpangilio ulioingilia. Upande wa pili wa shilingi ni mpangilio uliovunjika, na hapo ndipo watafiti wa saratani walipoelekeza macho.

Chini ya tabaka la juu la ngozi na chini ya utando wa kila kiungo chenye uwazi, mwili umetandika mkeka wa kolajeni, nyuzi zilizopangwa kwa ustadi. Saratani inapokua haikai juu ya mkeka kwa adabu. Inaufumua, inaula, inausuka upya kwa namna yake. Nyuzi zikipoteza mwelekeo, uwezo wa nyama kugeuza mwanga nao hubadilika.

Chukua saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Tanzania. Mkoa wa Kilimanjaro ulianza chanjo yake kwa majaribio mwaka 2014, kabla ya nchi nzima kufuata mwaka 2018. Katika uchunguzi, muuguzi hupaka siki, husubiri dakika moja na kutafuta doa jeupe. Njia hiyo ni rahisi na imeokoa wengi, ila inategemea jicho: uchochezi wa kawaida nao unaweza kufanya weupe. Huko École Polytechnique, karibu na Paris, watafiti walitengeneza kamera inayomulika mlango wa kizazi kwa mwanga wa mitikisiko tofauti kwa zamu na kupima kila mmoja umerudi vipi. Kila nukta ya picha hupata namba 16, zilizopangwa safu nne kwa nne, zinazoeleza jinsi nyama pale inavyougeuza mwanga. Penye afya, kolajeni huonekana imepangana vizuri. Penye mabadiliko yanayoelekea saratani, alama hiyo ya mpangilio hufifia. Kazi hiyo bado ni ya utafiti, na kinyama kinachokatwa na kupelekwa maabara ndicho kinachotoa hukumu. Lakini ramani kama hiyo inaweza kumwonyesha daktari pa kukikata.

Kwa nini mwanga huo unafaa kwa saratani changa? Kwa sababu una kumbukumbu fupi. Mwanga unaoingia ndani sana ya nyama hugonga huku na kule mara nyingi mpaka ukasahau mtikisiko wake wa mwanzo. Unaorudi ukiwa bado unaukumbuka ni ule uliogusa tabaka la juu tu, na saratani nyingi huanzia tabaka hilo. Piga picha moja vichujio vikiwa sambamba, nyingine vikiwa vimekingamana, kisha toa ya pili kwenye ya kwanza: kinachobaki ni picha ya tabaka la juu peke yake.

Ukitaka kinyume chake, tumia ile iliyokingamana. Mng’ao wa juu ya ngozi, sawa na mng’ao wa barafu juu ya Kibo, huzuiwa, na unaona chini yake. Ndivyo vinavyofanya kazi vikuza-ngozi vingi vya mkononi vya madaktari wa ngozi siku hizi. Hapo Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza KCMC mwaka 1992, jambo hilo si la anasa. Kituo hicho kimewahudumia kwa miaka mingi watu wenye ualbino, ambao jua la ikweta huwachoma wakiwa bado watoto, na Kilisun, mafuta ya kujikinga na jua yaliyobuniwa kwa ajili yao, hutengenezwa mjini humo. Kwenye ngozi isiyo na melanini, doa linaloelekea saratani linaweza kujificha kati ya makovu na magamba yasiyo na madhara. Kuondoa mng’ao ni kumpa daktari nafasi ya kuliona mapema.

Jaribu mwenyewe

Kamera ya namba 16 ni ghali. Lakini sehemu kubwa ya sura hii haihitaji kamera hiyo. Hadubini ya kawaida ikiongezewa vipande viwili vya utando wa polaraizi, kimoja juu ya taa na kingine juu ya slaidi, inaweza kuonyesha sindano za gauti, cheche za malaria na kijani cha amiloidi. Kinachogharimu zaidi ni mtu aliyefundishwa kujua chembe gani imeletwa na ugonjwa na ipi imeletwa na formalini.

Kwa vile si kila msomaji ana hadubini, anza na vitu rahisi kupatikana. Fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta ya mpakato, vaa miwani ya jua ya polaraizi, kisha inamisha kichwa taratibu upande mmoja. Kwa skrini nyingi, ipo pembe ambapo ukurasa unazimika kabisa. Kama hauzimiki hata ugeuze vipi, huenda aliyekuuzia miwani amekuuzia kioo cheusi tu. Ukipata giza, shika rula ya plastiki ya shule katikati ya macho yako na skrini. Ndani ya giza itawaka michirizi ya rangi, mingi zaidi karibu na tundu la kuning’inizia na pale ilipowahi kupindwa. Kwa macho matupu rula hiyo haina alama yoyote.